Mkono Mpya Uliokataa Kuingia

Walisema kuna pikapu huko Kaeng Khoi inavuta kushoto kila ikiifikia nguzo fulani. Mafundi wamefungua, wamefunga, haiponi. Mwisho ikajulikana kwamba mikono ya magurudumu yake ya mbele ilinunuliwa yadi ya magari yaliyogongwa, na aliyefia katika gari ilimotoka bado anataka kwenda kwake. Niliisikia sokoni kwa muuza papai, nikaisikia tena hekaluni, na tangu hapo haikunitoka. Nikiosha mchele naiwaza. Nikijilaza naiwaza.

Nayaandika haya kwa mama mwenye masikio kama yangu, ajihadhari.

Binti yangu Saifon alikuwa akiuza kuku wa kuchoma kwa pikapu yake. Wiki ya Songkran, mwaka mpya wetu, ilipokaribia, gari likaanza kugonga upande wa kulia, ko, ko, ko, kila likipita tuta. Na tulipaswa kwenda kwetu Chaiyaphum kuwamwagia wazee wetu maji mikononi. Fundi Prasong akalala chini ya gari, akatoka na kusema mkono wa chini unaoshika gurudumu umekwisha. Bushi zake, zile pete za mpira za kwenye ncha, zimechanika, na bolijointi, ule msumari wenye kichwa cha mviringo unaoushikiza mkono kwenye gurudumu, inacheza. Ikichomoka, gurudumu linalala.

Akaleta mkono wa mtumba kutoka yadi ya magari yaliyogongwa ya Mama Huai. Ukaingia kwa kusukumwa na kiganja tu, bila nyundo.

"Huu ni wa kiwandani, mama," akasema. "Umetoka kwenye gari la mwaka uleule."

Nikampigia Mama Huai simu, nikamuuliza dereva wa gari lile yuko wapi.

"Yuko hai, bibi wee. Aligongwa kwa nyuma. Jana kaja hapa kalewa, kanitapikia mlangoni. Nikuletee umnuse?"

Mwenye duka la mitumba hamtaji marehemu, nikajisemea. Nikamwamuru Prasong autoe.

"Mama, mkono umekaa vizuri," Saifon akasema. "Tuuache tu."

"Wewe vya mtumba unavipenda. Hata mume ulimchukua mtumba, ukaona alivyokuharibikia njiani."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri magari yao wakacheka. Saifon akainamisha kichwa. Nikajiona nimeshinda.

Nikaenda mwenyewe dukani, nikanunua mkono mpya, mweusi unaong'aa, ndani ya sanduku lenye picha ya gari kama letu. Haukuingia. Bushi zilizidi nafasi yake kwa milimita tatu, na msumari wa bolijointi ulikuwa mwembamba, unacheza katika tundu lake kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Prasong akaulaza juu ya benchi kando ya ule uliochakaa. Kwa macho yangu walikuwa pacha. Akapima. Hawakuwa hata binamu.

Nikaurudisha dukani. Mwenye duka akaona alama ya grisi, akausukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Sanduku linasema unaingia. Kama hauingii, gari lako ndilo limekosea. Na leo nafunga saa sita, nami nina kwetu kwa kwenda."

Niliporudi, Prasong akaniambia ule wa yadi bado upo pale ukutani. Nikasema siendi kwa wazazi wangu nimepakia maiti. Akasema basi tupande basi. Lakini nilikuwa nimeshamwambia dada yangu Bunma kwamba mwaka huu tunakuja na gari letu, na ulimi wa Bunma naujua.

Nikamwambia, "Prasong mwanangu, mimi ni sawa na mama yako. Siku hizi za kuwaheshimu wakubwa, mama akikuomba utamkatalia?"

Akatabasamu. Akaendelea kutabasamu, macho yake kwenye viganja vyake vyeusi.

Kwetu mtoto hamwambii mama hapana usoni. Hutabasamu mpaka mama aelewe. Nami nimewatabasamia wakubwa hivyo maisha yangu yote. Nilielewa. Nikajifanya sikuelewa, nikavuta kiti nikakaa.

Akazisaga bushi, akaupigilia mkono kwa nyundo. Akakata utepe wa bati kutoka kopo la maziwa, akauzungushia msumari wa bolijointi ili ujaze tundu, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Bushi nazo akazikaza gurudumu likining'inia hewani, kwa sababu nilikuwa namwambia afanye upesi. Alipomaliza alimwambia Saifon, si mimi: "Nenda polepole. Ukifika, usiliendeshe tena."

Asubuhi tukaondoka. Ko, ko haikusikika.

"Unaona?" nikamwambia. "Kimya."

"Naona, mama."

Kwenye mteremko wa pili bati likakatika. Msumari ukachomoka, gurudumu la kulia likalala, na gari likageukia ukuta wa zege wa katikati ya barabara, upande wa dereva. Mimi nilivunjika ukucha. Saifon walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

Bunma alikuja hospitali, akasimama mlangoni na mkoba wake. "Kumbe mlikuja na gari lenu," akasema, akaenda kutafuta kiti.

Polisi walimleta Prasong, wakamuuliza mbele yangu nani aliamua mkono ule ufungwe. Akanitazama, akatabasamu. Wakaandika jina lake. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na mdomo wangu ulikuwa mzima.

Walipotoka, Saifon akafumbua macho.

"Alitabasamu na siku ile, mama. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi usiniletee tena chakula. Mwambie muuguzi, ataniletea."

Sasa anakaa kwa wifi yake. Mlango hufunguliwa na wifi, naye husema Saifon amelala, hata saa nne asubuhi.

Epuka haya:

Kununua mkono kwa picha ya sanduku. Beba wa zamani, ipimwe pamoja, msumari na bushi.

Kuupaka grisi kabla ya kuupima.

Mkono unaotaka nyundo wakati mwenzake uliingia kwa kiganja.

Bati, karatasi au kitu chochote cha kujazia tundu la bolijointi.

Kukaza bushi gurudumu likiwa hewani. Likanyage chini kwanza.

Kutengeneza gari siku moja kabla ya safari.

Kuuliza nani alifia ndani ya gari kabla ya kuuliza kama kifaa kinaingia.

Kumwita fundi mwanangu ili asikukatalie.