Muhuri Mdomoni

Asubuhi, katika duka la vifaa vya uvuvi la Mzee Sugawara mjini Sakata, Tamae alimlaza mezani samaki wake, changu mkubwa. Alimsugua utelezi kwa chumvi, akamkausha, akampaka wino mweusi, akamfunika kwa karatasi laini na kuipapasa kwa vidole mpaka kila gamba likajichapa. Kuta za duka zimejaa samaki wa karatasi wa namna hiyo, kila mmoja na jina la aliyemvua na la shahidi. Wa marehemu baba yake Tamae yuko juu ya mlango, na pembeni yake pana nafasi. Tamae ameitamani nafasi ile tangu usichana wake.

Mumewe, Shigeo, alikuwa amekalia kiti pekee cha dukani. Shigeo ni mtu wa kutapika mashua ikiwa bado imefungwa gatini, na siku changu huyo alipovuliwa alilala chini ya turubai kwenda na kurudi. Jina lake alikuwa ameshaliandika kwenye karatasi, mahali pa mvuvi, kwa herufi nene.

"Mikono iliniuma, we acha tu," alisema.

Tamae akaibandua karatasi, akachora jicho kwa brashi, maana jicho halichapiki. Lilipokauka, changu wa karatasi akafunua mdomo.

"Huyu mama ndiye aliyenivua," akasema. "Huyo bwana alikuwa anakoroma."

Mzee Sugawara alifuta miwani yake. "Wino wa mwaka huu mzuri," alisema. "Samaki wa mwaka jana walinong'ona tu."

"Anapayuka," alisema Shigeo.

"Lakini mmemsikia," alisema Tamae.

"Tumemsikia, Bi Tamae, na sauti anayo," alisema Mzee Sugawara. " Ila jina limeshaandikwa. Tukilifuta, karatasi itachafuka."

Shigeo akatoa muhuri wake wa jina, akaupulizia pumzi, akaugandamiza juu ya mdomo wa changu. Hata hilo lilimshinda. Muhuri ulikaa upande. Changu akanyamaza.

"Haya, mke wangu, weka jina lako hapo kwenye shahidi."

Tamae alitamani kumpiga kwa brashi. Akaandika. Changu akatundikwa pembeni ya samaki wa baba yake.

Jioni Tamae alimwosha yule samaki mwenyewe wino, akamchoma kwa chumvi. Shigeo alikula mashavu yote mawili, penye nyama tamu kuliko zote, kisha akatoa mwiba mdogo kinywani na kuuweka kwenye sahani ya mkewe.

"Uwe unaangalia," alimwambia. "Mimi nivue, na miba nitoe mimi?"