Ng'ombe wa Kituoni

Selpha alitua mzigo wa nyasi nyuma ya kituo cha polisi, akamwamkia ng'ombe wake kabla ya binadamu yeyote. Magoti yalimuuma. Mke mwenzake, Beldina, alibeba nusu ya mzigo huo na kuhema maradufu. Tangu mume wao afariki, vikongwe hawa hawakuwa na mwingine wa kugombana naye, na walipendana hivyo hivyo.

Ng'ombe aliibwa kwao Manyatta, akapatikana, akageuka kizibiti. Kizibiti hakirudi nyumbani mpaka hakimu akione, na kesi ilikuwa ikiahirishwa tangu masika. Mwizi yuko nje kwa dhamana, ananyoa watu Kondele, tena huwaamkia vizuri. Aliyefungwa ni ng'ombe. Kumlisha ni kazi ya wenyewe. Na tangu azae papo hapo kituoni, kumkama ni kazi ya sajini.

Beldina alipapasa mbavu za ndama. "Nyieka, mke mwenzangu, hii itakufa. Wanaiachia povu tu."

Selpha akaenda kaunta.

"Sajini, mwanangu, nipe ng'ombe yangu."

"Mama, hiyo ni kizibiti. Hakimu hajaona."

"Hakimu hajawahi ona ng'ombe?"

Konstebo Wabwire alicheka, akajifanya anakohoa. Sajini alikunja uso. "Sheria ni sheria. Imeandikwa hapa: ng'ombe moja, nyekundu."

"Moja?"

"Moja."

"Haya, baba. Asante."

Walimtia ndama kwenye leso, mmoja akashika huku, mwingine kule, wakapita mbele ya ofisi wakiyumba.

"Mama! Wapi na hiyo?"

"Hii haikuibwa," Selpha alisema bila kusimama. "Na haiko kwa kitabu yako."

Ng'ombe wa kienyeji hateremshi maziwa asipomwona ndama wake. Alasiri hiyo sajini alikama mpaka vidole vikafa ganzi, akaambulia teke. Jioni akina mama walirudi na ndama. Sajini akaja mbio na sufuria yake.

"Ngoja mtoto ashibe kwanza," Selpha alimwambia kwa upole, akasimama hapo hapo mpaka kiwele kikanywea.

Kituo kizima kikanywa chai ya rangi.

Kesi iliahirishwa tena. Kesho yake asubuhi vikongwe walikuwa njiani, nyasi kichwani, ndama katikati, wakimpeleka mtoto kumwona mamake korokoroni.