Beji ya Keziah

Shuleni kwetu Norwich tulikuwa wasichana wengi mno na mwalimu mmoja, Bi Pettifer, kwa hiyo tulifundishana wenyewe. Ajuaye kidogo alimfundisha asiyejua kabisa. Wafadhili wakija walisifu mpango huo mpaka wakachoka. Wao hawakufundishwa na mtoto anayefuta kamasi kwa mkono wa gauni.

Kiranja wetu wa hesabu alikuwa Keziah Thurlow. Alivaa beji ya ngozi shingoni, akasimama ukutani, nasi tukamzunguka nusu duara. Kazi yake nyingine ilikuwa kuwashtaki wanaoongea. Tangu avishwe beji hiyo, hakuna aliyemsogelea. Alikula mkate wake peke yake, akimtazama Dorcas Ebbage akicheka nasi. Zamani hao wawili walikuwa chanda na pete.

"Dorcas, njoo tule," alimwita siku moja.

"Nije unishtaki? Kula tu, Bi Mkubwa!"

Tukaangua kicheko. Keziah aligeukia ukuta. Upweke ulikuwa unamla yule mtoto, sisi tunaona, na bado tukazidisha.

Njia ya kuvuliwa beji ilikuwa moja: kiranja akikosea mbele ya kundi, atakayemsahihisha anaichukua, na aliyekosea anarudi kusimama na wenzake.

Jumatatu Keziah alikuwa akitutajia hesabu za kuzidisha, nasi tunamfuatisha.

"Saba mara nane," akasema kwa sauti ya juu, "hamsini na nne."

Kosa lile lilinishtua. Keziah hakosei hesabu hata akiwa usingizini. Kisha nikaona anamkazia macho Susan Gooch, mpenda makuu, aliyeitamani beji ile kuliko chakula. Nikaelewa. Alitaka kurudi kwa Dorcas.

Susan alifumbua mdomo, lakini alichelewa.

"Hamsini na sita!" akapayuka Dorcas, akirukaruka. "Kiranja kakosea! Kakosea!"

Bi Pettifer alikuja, akamvua Keziah beji, akamvika Dorcas. Keziah akaingia kwenye nusu duara na kusimama kando yangu. Dorcas akaenda ukutani, uso umemwiva kwa furaha.

"Dorcas," Keziah akanong'ona, "nilikosea makusudi. Nilitaka tuwe pamoja."

Dorcas alimsikia. Alimtazama kidogo, akaishika beji yake, kisha akanyoosha mkono.

"Bi Pettifer! Keziah Thurlow anaongea."