Karanga za Mbegu

Wiki ya tatu ilipokwisha Sekela alikuwa amenenepa vizuri, na Kikakwa hajui hata cha kumfukuzia kuku.

Alikuwa mwanafunzi wa isimu kutoka Tanzania, mwaka wa tatu chuo kikuu, na likizo ndefu ilikuwa imemleta Koboko, mji wa mpakani karibu na Kongo, kwa kazi moja: akae nyumbani kwa watu, ajifunze Kikakwa, lugha yao, arudi na saa kumi na mbili za mazungumzo yaliyorekodiwa. Si mahojiano. Profesa alikuwa amelikazia hilo mpaka miwani ikamteremka puani. Alitaka watu wakiongea wenyewe kwa wenyewe, jikoni, shambani, wakigombana na wakicheka. Asiyeleta saa hizo angerudia mwaka. Simu ya Sekela ilikuwa na dakika arobaini, na sehemu kubwa ya dakika hizo ilikuwa ya jogoo.

Ubaya ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Mwenyeji wake, Rosa Kiden, mjane mkulima wa miaka sitini hivi, alimpokea kwa wema usio na kipimo. Alimtolea sahani za maua ambazo kabati lilizifungia mwaka mzima. Familia ilikula jikoni, katika kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, mikono yote katika sinia moja. Sekela alikula sebuleni, kwa uma, peke yake, akitazamana na kalenda ya parokia. Akigusa kikombe akioshe, ananyang'anywa. Akishika ufagio, Shakira, binti wa kaka yake Rosa aliyekaa pale, anauchukua na kumwambia akapumzike. Apumzike kutoka kazi gani, hakuna aliyemwambia.

Na kila alipojisogeza mlangoni mwa jikoni, Kikakwa kilikatika papo hapo. Wote waligeukia Kiswahili, hata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Kwa Rosa, kusema mbele ya mgeni lugha asiyoielewa ni sawa na kumteta machoni pake. Kiswahili kilikuwepo kwa ajili hiyo hasa: cha sokoni, cha jeshini, cha mpakani, cha kumkaribishia mtu. Kikakwa kilibaki ndani, na watu wake.

"Lakini mama, mimi nimekuja kujifunza Kikakwa," Sekela alilalamika.

"Utajifunza," Rosa alisema. "Kwanza kula. Wewe iko mgeni."

Sekela akamwambia kwamba kwao husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Rosa aliweka kijiko chini.

"Hiyo iko desturi ya watu gani?" aliuliza, na jioni ile akaongeza nyama.

Wa kumsaidia angekuwa Mzee Yasiri, kaka yake Rosa na baba yake Shakira, aliyesilimu ujanani jeshini na kukaa uani pa pili. Lakini Yasiri alikuwa na kiu ya Kiswahili. Siku ya kwanza Sekela alimpigia magoti akamwambia shikamoo, mzee akasimama wima, mikono ubavuni, akajibu, "Jambo." Kisha akamuuliza anatoka wapi. Alipojibiwa, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Watu ya Tanzania mimi najua," alisema. "Mwaka ya sabini na tisa mimi nilikimbia wao kutoka Masaka mpaka Kongo. Kwa miguu. Sasa wao anatuma msichana na daftari. Hii iko muzuri zaidi."

Tangu hapo alikuja kila asubuhi kunywa chai na kusimulia, kwa Kiswahili kitupu. Sekela alimpenda mzee yule, na kila hadithi yake ilimuumiza, maana saa zilikuwa zikienda.

Kilichomkera zaidi ni Lionel. Huyu alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana wa Bunia anayesoma naye darasa moja, na alikuwa amepangiwa mji wa jirani wa Arua, mtaa wa Onduparaka, ajifunze Kilugbara. Alikuwa akikaa kando ya uwanja wa mpira na mashabiki, na huko hakuna anayetukana mwamuzi kwa Kiswahili kwa heshima ya mgeni. Alipiga simu kutangaza kwamba ana saa kumi na moja. Sekela alimpongeza, akakata simu, akalia kidogo, akala ndizi mbili.

Jumapili ya wiki ya nne alibaki peke yake. Rosa alikuwa kanisani, Shakira sokoni, Yasiri kwa wenzake wa jeshi la zamani. Uani kulikuwa na turubai mbili za karanga zilizobanguliwa, zikipigwa na jua. Saa sita mawingu yakaja kutoka upande wa Kongo, na upepo ukaanza kuvuta nguo kwenye kamba.

Hapakuwa na wa kumnyang'anya kazi. Sekela alikimbia. Alikunja turubai ya kwanza, akamimina karanga guniani. Akakunja ya pili, akamimina katika gunia lile lile, kwa kuwa lilikuwa na nafasi. Tone la kwanza lilimpata akiburuta gunia kuingia jikoni. Alikaa juu yake akihema, amelowa kichwa, ameridhika kuliko siku yoyote tangu afike. Akajiona amefanya jambo.

Rosa alirudi mvua ilipokatika, viatu vya kanisani mkononi. Aliona turubai tupu. Aliingia jikoni, akaona gunia moja, akafungua mdomo wa gunia na kutia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Kisha akaanza. Yalikuja kwa Kikakwa, yote, bila kituo. Alionyesha turubai ya kushoto, alionyesha ya kulia, alichota karanga akazimwaga, akamwita mama yake marehemu, akaomba mbingu zishuhudie. Mara tatu alitaja jina: Sekela. Alikuwa hajawahi kulitumia. Siku zote alikuwa "mgeni".

Sekela hakuelewa neno jingine lolote, lakini alielewa. Turubai ya kulia ilikuwa ya kula. Ya kushoto ilikuwa ya mbegu, iliyochaguliwa punje kwa punje kwa jioni tatu, kwa ajili ya msimu ambao ungeanza wiki ile. Alikuwa amezichanganya kama mchanga. Aibu ilimshika. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, nacho kilikuwa furaha. Bibi yake kule Tukuyu alikuwa akimgombeza hivi hivi, kwa mwendo huu huu, na bibi hakuwahi kumgombeza mtoto wa watu.

Rosa alisikia sauti yake mwenyewe. Akafunika mdomo.

"Mgeni," alisema polepole, "samahani. Mimi nimekosa."

"Hapana, mama," Sekela alisema, machozi yakimtoka. "Usirudi kwenye Kiswahili. Nakuomba. Nigombeze mpaka umalize."

Rosa alimtazama nywele zilizolowa, akatazama gunia. Akavuta ungo mmoja, akavuta wa pili, akausukuma mbele ya msichana. Akasema neno fupi. Sekela akakaa chini.

Walichambua mchana ule, na jioni, na siku ya pili yake. Hii imejaa, weka. Hii ngozi imechanika, tupa kule. Hii ndogo. Hii tazama vizuri, umekosea tena. Kila neno lilikuja na punje yake, na lilirudiwa mara mia, na Sekela alilipokea mkononi kabla ya kulipokea sikioni. Shakira akajiunga, akaanza kumsengenya muuza samaki. Yasiri alipokuja kwa chai yake alianza na Masaka kwa Kiswahili. Rosa akamkata kauli, na ndugu hao wawili wakabishana kwa Kikakwa kwa nusu saa nzuri.

Siku ya tatu ni Rosa aliyeuliza. "Wapi ile simu? Leta. Wacha isikie."

Waliiegemeza kwenye chungu cha maji na kuisahau. Chakula kilipoiva sinia liliwekwa katikati. Hakuna aliyezungumzia uma.

Lionel alikuja Jumamosi ya mwisho, saa za Sekela zote zikiwa zimetimia kwenye simu, kumchukua waanze safari ya kurudi. Aliingia na begi lake na jezi ya timu ya Onduparaka. Alimsalimu Rosa kwa adabu.

"Karibu sana, mgeni," Rosa alisema kwa Kiswahili, akimvutia kiti. "Kaa hapa. Wewe iko nachoka."

Kisha akageuka, na bila kubadilisha uso akamwambia Sekela kwa Kikakwa atoe sahani za maua, asilete ile yenye ufa, na aharakishe, kwa nini anasimama kama nguzo.

"Amesemaje?" Lionel aliuliza.

"Anakukaribisha," Sekela alisema.

Alimwandalia vizuri, akamwekea uma upande wa kulia, nyama juu.

"Na wewe huli?"

"Mimi nitakula jikoni," alisema, akatoka, akamwacha akitazamana na kalenda.