Msanifu Aliyebaki

Nurjehan alikwishapanda ndege na mtoto wao wakati mumewe, Hasnain, alipoambiwa asimame pembeni. Ilikuwa asubuhi, mwaka 1968, uwanja wa ndege wa Kiembe Samaki, Unguja. Bwana Msabah, mkuu wake wa kazi katika idara ya ujenzi, alikuwa kaishika pasipoti yake.

"Unakwenda Mombasa kutembea, au unahama?"

Hasnain aliona uongo hautamfaa. "Nnahama."

"Uingereza ulikosoma, mji mmoja una wasanifu majengo wangapi?"

"Wengi. Wengine hata hawajuani."

"Na hapa Unguja?"

"Mimi tu," alisema Hasnain. Tangu mapinduzi wenzake walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, akabaki yeye. Skuli na zahanati za kisiwa kizima zilingoja mkono wake.

"Basi huendi," alisema Msabah, akaitia pasipoti mfukoni.

Ndege ikanguruma, ikainuka na watu wake. Hasnain alijua akilalamika ataishia jela. Akasema, "Nipe mtu nimfundishe. Akiweza, niachie."

"Akiweza. Jengo lake likianguka, utajibu wewe."

Akaletwa Bi Kazija, mwalimu wa hesabu kutoka Makunduchi, mwanamke asiyekubali jambo mpaka alielewe. Hasnain alimfundisha miaka mitatu, huku Nurjehan akiandika kuuliza atakuja lini.

Skuli ya kwanza aliyoichora Kazija ilipomiminwa zege ya dari na kukauka, Msabah alifika na mafundi.

"Ondoeni nguzo za mbao zinazoishikilia dari," aliamuru. "Hasnain, simama chini yake."

Hasnain aliingia. Kazija, bila kuitwa, akaja kusimama ubavuni pake. Kila nguzo ilipogongwa ikatoka, vumbi liliwaangukia mabegani. Ya mwisho ilikwama. Fundi akaipiga nyundo, dari ikalia kidogo. Hasnain alifumba macho, midomo ikimcheza kwa dua.

Dari ikakaa.

Msabah alimrudishia pasipoti palepale. Kazija alingoja mkuu aondoke, ndipo akasema, "Sasa nimebaki mimi. Nikitaka kwenda zangu, nitafanyaje?"

Hasnain aliona haya kumtazama. "Usifundishe mmoja kama mimi. Fundisha wengi, Bi Kazija. Anza kesho."

Mombasa, Nurjehan alimfungulia mlango akilia. Mtoto alijificha nyuma ya mama yake, akamwamkia shikamoo kama mgeni.