Ganda Lililoshika Umbo la Bunduki

...hebu mtazame Gulnar, amesimama mbele ya mashine ya kubania maganda ya risasi, katika chumba cha chini cha nyumba yao ya Thornhill, ughaibuni, wenzo uko juu, ganda moja tupu la shaba limesimama wima, na mkono hausogei, maana kalibu aliyoifunga ni ile ya kubana mwili mzima, akishusha tu, imekwisha, na nyuma yake mumewe Jamaludin, kakaa karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, macho wazi na hayaoni kitu, anauliza, "Mama Alykhan, umelala umesimama?"... hajalala, yuko jana, uwanja wa shabaha, risasi alizozitengeneza kwa maganda aliyoyabana mumewe zamani zimegoma kuingia kwenye bunduki yake mwenyewe Gulnar, komeo la kuifungia risasi ndani halifungi, anasukuma, kijana wa meza ya pili anacheka, "Anti, usipigane nayo!"... na bunduki ya Jamaludin iliuzwa mwaka 2013 macho yalipokwisha, iko Alberta huko kwa mtu wasiyemjua, na miaka yote ile walibishana hapahapa, yeye akibana ganda zima ili liingie bunduki yoyote, mume akibana shingo tu, pale kichwa cha risasi kinaposhikwa, mwili haugusi, "Langu limeshapimwa na bunduki yenyewe," akisema, naye Gulnar akamwona mbishi... kumbe, baruti ikiwaka ganda hufura, hujibandika kwenye kuta za chemba, lile tundu la bunduki linamokaa risasi, likipoa hubaki na umbo la chemba hiyo, hiyo moja tu duniani, tofauti nyembamba kuliko unywele, jicho haliioni, komeo linaijua... ya Rabi, kipande cha shaba kidogo kama kidole, na bunduki iliyokwenda bado imo, kuta zake, upana wake, kila siku aliyolenga akiwa anaona, na mimi ndiye wa kuifuta kwa kushusha mkono?

"Nibadilishe kalibu," anasema, "nibane shingo tu, kama wewe."

"Halafu upige kwa bunduki gani, kwa ufagio?" Anacheka mwenyewe. "Lakini maganda yangu yalikuwa mazuri, sivyo? Kubali leo."

"Yalikuwa mazuri, Baba Alykhan."

"Ee, miaka ishirini nalingoja neno hilo! Sasa bana mwili mzima. Siwezi kuyaona, nataka niyasikie."

...niyasikie, kasema, na ganda hili likibanwa litajazwa, litalipuka, litafura tena ndani ya bunduki yangu, litashika umbo la bunduki yangu juu ya lile la bunduki yake yeye anayesikiliza, shaba ileile, haichoki kupokea, na mimi nilidhani nafuta... wenzo bado uko juu, tanuri linavuma, hakuna kilichosogea humu ndani, nawe ukisahau shingo na kalibu na mengine yote, tafadhali kumbuka hili moja tu, jinsi mzee yule alivyoinamisha kichwa, katega sikio, anatabasamu.