Upande wa Kulia Juu

Siku ya kumi na mbili tangu maji yakatike mtaani Bertrams, saa tatu kasoro robo asubuhi, Victoire alichukua ndoo yake akaelekea bafuni. Hakuwa na tumaini la maji. Alikwenda kwa mazoea tu, maana nyumba ile ina vyumba saba na bafu moja, na anayewahi ndiye anayepata. Alipofika mlangoni akasikia mvua. Julai Johannesburg hainyeshi. Julai ni vumbi, baridi kavu na midomo iliyopasuka. Akaiweka ndoo chini, akatega sikio. Ilikuwa mvua kweli, ile ya taratibu inayodondokea majani.

"Papa Ruphin," aliita, "unasikia mvua mu bafu?"

Ruphin, jirani wa chumba cha tatu, ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Sandton, ambako hulinda maegesho ya magari usiku kucha. Alisogea na taulo begani.

"Minasikia, Maman Glody. Afazali hiyo. Jana bomba ilitoa upepo tu."

Victoire akasukuma mlango. Beseni halikuwapo, wala choo, wala ule ukuta wenye ukungu. Kulikuwa na ngazi moja ya mbao iliyosuguliwa ikang'aa, rafu ya viatu, na ukumbi mrefu uliotandikwa mikeka. Nje ya dirisha palikuwa na mlima wa miti mibichi unaonyeshewa, na harufu ya mayai ya kuchemsha ilikuwa kila mahali. Mama mmoja wa Kijapani, mtu mzima mwenye aproni nyeupe, alikuwa amepiga magoti, kichwa chini. Akasema karibuni, maji yako tayari. Alisema kwa Kijapani. Victoire akamjibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi kwamba aksanti, ila wao walikuja na ndoo tu. Wakaelewana bila taabu, kama wanavyoelewana watu sokoni.

Ilikuwa nyumba ya wageni ya kijijini, yenye chemchemi ya maji ya moto. Kule ilikuwa yapata saa kumi jioni, saa ya kupokea wageni. Walivua viatu. Wanaume walikuwa na pazia lao na wanawake lao. Mwenyeji alimwonyesha Victoire kigoda kifupi na sabuni, kwamba kule mtu hujisugua kwanza akatakata ndipo aingie dimbwini. Victoire alijisugua nusu saa nzima, siku kumi na mbili zikamtoka, kisha akaingia majini hadi shingoni. Alifurahi. Hakumbuki ni lini mara ya mwisho mwili wake ulifurahi peke yake, bila kusubiri habari ya mtu mwingine.

Alipotoka akakuta joho la pamba la buluu limekunjwa kwenye kikapu. Victoire ni fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na miwili ameshona blauzi za wanawake, na blauzi ya mwanamke upande wa kulia hulala juu ya kushoto. Mkono ukafanya ulivyozoea. Ruphin naye alifunga lake kama shati la kiume, kushoto juu, wakakutana sebuleni penye chai.

Mwenyeji aliyatazama majoho yote mawili, kisha akafungua kitabu cha wageni. Kwa Ruphin aliomba pasipoti, kama inavyopasa kwa wageni wa kutoka nje, na Ruphin akaitoa. Haiachi mbali, kwa ajili ya polisi wa barabarani. Kwa Victoire aliinama zaidi, akapunguza sauti.

"Na wewe, mama, ulifariki lini?"

"Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mwaka juzi," alijibu Victoire.

Aliijua kwa moyo. Tarehe hiyo mtu mmoja katika ofisi ya vibali vya wakimbizi, ghorofa ya pili pale Marshalltown, alibonyeza pasipobonyezwa, na kompyuta ikaandika kwamba Victoire amekufa. Tangu siku hiyo kila dirisha alilokwenda humuuliza tarehe, huitazama kompyuta, humpa pole na kumwambia arudi kesho. Kibali kiliisha muda wake na hakikuweza kuongezwa, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Hayo yote aliyameza. Lililomkaa kooni lilikuwa fomu ya mtihani wa mwisho wa Glody, binti yake wa pekee. Shule ilitaka sahihi ya mzazi aliye hai kwenye kompyuta, mwisho Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mwenyeji aliandika tarehe ile kwa mwandiko mzuri, akagonga mhuri mwekundu, akamimina chai. Hakumwambia arudi kesho. Wakati wa kuondoka, Victoire aliona buti za Ruphin zimegeuzwa zikaelekea mlangoni, mtu anatumbukiza miguu na kwenda zake. Ndala zake yeye zilikuwa vilevile alivyoziacha, zinatazama ndani. Akadhani ni kusahau tu.

Jumanne akarudi. Jumatano akarudi tena, na kwa kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alichukua sindano akaanza kutia pindo majoho yaliyochanika. Mwenyeji alikaa kando yake akikunja taulo, na hapo ndipo alipomweleza, kwa upole kabisa, kwamba walio hai hufunika kushoto juu ya kulia. Kulia juu ni kwa maiti, wanapovalishwa kwa maziko.

Victoire aliishikilia sindano hewani.

"Lakini miye niko muzima, Maman."

"Basi samahani sana," alisema mwenyeji. "Funika kushoto juu, tukuandike upya."

Victoire akafungua mkanda, akafunika kushoto juu, akakaa wima. Mwenyeji akafunua ukurasa mpya, akachovya kalamu.

"Pasipoti."

Victoire hakuwa nayo. Alikimbia kwao bila pasipoti. Akatoa karatasi yake ya kibali, ile iliyoisha. Mwenyeji aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza mbele na nyuma, akairudisha kwa mikono miwili. Alisikitika kwa dhati. Mgeni aliye hai anayetoka nchi nyingine lazima awe na pasipoti. Wafu hawaulizwi kitu. Nje mvua iliendelea, na moshi wa maji ya moto ulikuwa ukipanda juu ya ua. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Victoire alifungua mkanda tena, akarudisha kulia juu. Mwenyeji akainama, akaufunga ukurasa mpya ukiwa mtupu.

Lakini Victoire aliomba barua, maana fundi hakosi kujaribu kiraka. Mwenyeji akaiandika palepale, kwa Kijapani na Kiingereza, akaigonga mhuri: mgeni huyu ameoga siku tatu, amekula wali bakuli mbili kila siku, ametia pindo majoho manane.

Alhamisi alikwenda nayo Marshalltown, pamoja na Glody. Mama wa dirishani, mwenye hita ndogo chini ya meza, aliisoma barua yote bila haraka.

"Eish, Japani," alisema. Akauliza kama ni kweli maji yananuka mayai. Victoire akasema yananuka, ila mtu huzoea. Kisha mama yule akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Hapa wameandika marehemu, na tarehe ni hiihii ya kwetu. Nilikuwa na wasiwasi kidogo, Mama, kila nikikuona hapa. Sasa nchi mbili zinakubaliana."

Hakuwa mtu mbaya. Aliwaeleza kwamba mtoto aliyefiwa anaweza kuandikishwa na mlezi, akawapa fomu nyingine, akawatakia mtihani mwema.

Kwenye teksi Glody alilia kwa hasira. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza alisema hataandika uongo ule, mama yake amekaa hapa, goti lake linagusa goti lake.

"Andika, mwanangu," alisema Victoire. "Miye minajua kama niko. Weye fanya mtihani."

Aliyasema hayo akitazama robot ya njiani, taa nyekundu iliyosimamisha magari, moyo unamuuma kuliko alivyowahi kuumwa. Ijumaa asubuhi Ruphin alitia sahihi ya mlezi, angali na sare ya kazini. Kalamu aliazimwa na Victoire. Kwenye nafasi ya mama, shule iliandika: Marehemu.

Jumamosi Victoire alimchukua Glody bafuni. Mwenyeji alimvalisha msichana joho mwenyewe, kushoto juu, akalikaza mkanda, kisha akafungua kitabu. Glody akasema hana pasipoti. Ana nakala tu ya cheti cha kuzaliwa.

"Si lazima," alisema mwenyeji. "Mtoto huandikwa chini ya jina la mama yake."

Akaandika Glody chini ya Victoire, katika ukurasa uleule. Glody aliusoma ukurasa ule muda mrefu, ingawa maandishi hayajui.

Walioga mpaka vidole vikajikunja. Walipotoka, viatu vya shule vya Glody vilikuwa vimegeuzwa vikaelekea Bertrams. Ndala za mama yake zilitazama ndani. Glody akachuchumaa akazigeuza. Mwenyeji akaja, akapiga magoti, akaomba radhi, akazirudisha. Glody akazigeuza tena.

Wamekuwa wakifanya hivyo kila Jumamosi, kwa adabu, bila kupandishiana sauti. Maji ya bomba yalirudi mwezi wa nane, ila Jumamosi mlango wa bafu bado hufungukia kule, na mtihani ukafanywa mwezi wa kumi na moja. Victoire husimama kando na taulo begani hadi wamalize. Kisha huzivaa ndala zake jinsi alivyozikuta, akageuka mwenyewe kuelekea mlangoni.